Uvimbe wa shingo wa mtoto: walivuta maji, wakasema umeisha

Nilitaka kukipa nyota tatu kituo hiki binafsi cha Mbeya mjini, kwa sababu ya binti wa ultrasaundi peke yake. Alipima vifuko vya maji vilivyo ndani ya uvimbe kimoja kimoja, akaandika kwamba vinazidi sentimita 2, akawasha na dopla kuangalia kama kuna damu inayotembea ndani. Hakuna. Uvimbe wa mishipa ya damu kwa kawaida ungeonyesha mtiririko. Huu wa limfu, yale majimaji ya mwili yenye mishipa yake mbali na ya damu, ni maji tu. Ripoti safi.

Balaa lilikuwa chumba kilichofuata. Daktari alichoma sindano shingoni kwa mtoto wa mdogo wangu, akavuta maji ya manjano, akayamwaga kwenye sinki, akabandika plasta. "Umeisha huo, mama. Nendeni."

Umeisha! Kifuko kina ukuta wake, na ukuta ukibaki, maji yanarudi. Kuvuta peke yake kunafaa pale uvimbe unapobana njia ya hewa. Vinginevyo ukishavuta unaingiza dawa ya kukausha kifuko. Bleomisini, kwa mfano, ni 0.5 hadi 1 mg kwa kila kilo ya mtoto, isizidi 15 mg kwa mara moja, halafu unasubiri wiki kadhaa kabla ya kurudia. Jumla yake inaandikwa kwenye faili, maana ikizidi huweza kuacha makovu kwenye mapafu. Na vifuko vikubwa kama hivi ndivyo vinavyoitikia vizuri! Sugu ni vile vidogo vidogo vya ulimini, ambavyo hata vikikatwa hurudi.

Nilipomuuliza daktari dawa iko wapi, na kwa nini maji hayakupelekwa maabara, akanijibu mbele ya mama wa mtoto: "Kama unajua sana, mtibu mwenyewe."

Sawa, bleomisini ni dawa ya saratani, haikai kila stoo. Hilo naelewa. Basi andika rufaa!

Hata hapo labda ningewaachia nyota mbili. Lakini hakuna aliyemtajia mama dalili za hatari, na baridi hii ya Uyole, hapa Mbeya, kila mtoto ana mafua. Mafua huweza kuufanya uvimbe huu ujae ghafla. Ukikaza na kuwa wa bluu, damu imevujia ndani. Ukiwa mwekundu, wa moto, na mtoto ana homa, ni maambukizi: anahitaji antibayotiki, si wembe, kwa sababu ukiupasua kama jipu unabaki na kidonda kinachovuja limfu. Mtoto akikoroma anapovuta pumzi au akishindwa kunyonya, ni hospitali usiku huohuo. Maneno ya dakika mbili hayo, wameshindwa.

Haukupita muda, uvimbe ukarudi saizi ileile.

Nyota moja. Wakitaka ya pili, warudishe kwanza hela ya "upasuaji mdogo" waliyoandika kwenye risiti.