Financial Ombudsman Service ya Uingereza: ilivyonisafishia jina nikiwa katikati ya kulipa madeni

Huduma ninayoizungumzia ni Financial Ombudsman Service, ofisi inayoamua ugomvi kati ya wateja na benki huku Uingereza. Mteja halipi hata senti. Naandika kwa Kiswahili makusudi, kwa sababu hapa Leicester mtu wetu akifungiwa akaunti hukimbilia kwa watu wawili: rafiki au ndugu wa kumpitishia mshahara, au "mtaalamu" wa mtandaoni anayeahidi kukufutia alama ya udanganyifu uliyowekewa na benki, kwa pauni mia kadhaa. Wote wawili wanaweza kukuzamisha zaidi. Mimi nilipita njia ya tatu, na ingawa ni ndefu, ndiyo iliyonitoa.

Nafanya kazi ya kea kwenye nyumba ya wazee. Madeni yalinikuta mama alipougua Tanga, na mimi ndiye mtoto niliye nje, mnajua maana yake. Kadi mbili za mkopo zikajaa, ovadrafti (ruhusa ya benki ya kutoa zaidi ya ulichonacho) ikafika mwisho. Nikaingia kwenye mpango wa kulipa madeni kupitia StepChange, shirika la hisani lenye makao yake Leeds. Nao hawatozi. Unatoa kiasi kimoja kwa mwezi, wao wanakigawa kwa wote wanaokudai. Moja ya mambo ya mwanzo wanayokushauri ni kuhamisha mshahara kwenda benki usiyodaiwa nayo, maana benki unayodaiwa ina haki ya kuchukua hela kwenye akaunti yako na kufidia deni lililo kwake. Kwa hiyo nilifungua akaunti ya kawaida isiyo na ovadrafti kwenye benki nyingine. Hiyo ndiyo iliyofungwa, na sitaitaja jina.

Chanzo kilikuwa upatu. Tuko wanawake kumi na wawili, kila mmoja anatoa pauni 150 kwa mwezi. Zamu yangu ilipofika, mwenzetu mmoja simu yake ilikuwa mbovu, akamwomba mpangaji wake amlipie kwa niaba yake. Hela ikaja kutoka kwenye akaunti ya mtu mwingine kabisa ambaye sisi hatumjui. Baadaye mwenye akaunti hiyo akaripoti kwamba ametapeliwa. Mimi nilikuwa nimeshatuma sehemu kubwa ya upatu Tanga, siku ile ile niliyopokea, kwa ajili ya mama.

Sasa itazame kwa macho ya benki. Pauni 1,650 zinaingia kutoka kwa watu kumi na mmoja, na jioni karibu zote zimeshatoka kwenda nje ya nchi. Akaunti za watu wanaopitisha hela za wizi zinafanana hivyo hivyo. Kwamba mitambo yao ilipiga kengele, siwalaumu hata kidogo. Kuna mtu kweli alikuwa ameibiwa. Ninachowalaumu ni kwamba hawakuniuliza swali hata moja kabla ya kuamua mimi ni nani.

Kadi iligoma nikiwa kwenye foleni ya dukani. Barua iliyofuata ilikuwa na aya mbili: tumefunga akaunti yako, hatuwezi kukueleza sababu. Nikapiga simu, yule kijana akasema kwa upole kuwa haruhusiwi kusema zaidi. Nilimkasirikia wakati ule, lakini nimekuja kuelewa kwamba sheria ya mwaka 2002 ya mali zitokanazo na uhalifu inamweka mfanyakazi wa benki pabaya akimdokeza mteja kwamba ametiliwa shaka. Kwa hiyo usigombane na anayepokea simu. Hana jibu la kukupa, na utamaliza nguvu zako bure.

Nilipojaribu kufungua akaunti kwingine nikakataliwa, kwingine nako vivyo hivyo, hata ile akaunti ya msingi ambayo baadhi ya benki kubwa zinatakiwa na kanuni za 2015 kuwapa watu wasio na akaunti ya kawaida. Hapo ndipo mshauri wa madeni aliponitajia jina ambalo sikuwahi kulisikia: Cifas.

Cifas ni taasisi ya wanachama, mabenki na makampuni, inayotunza kanzidata ya udanganyifu. Ipo tangu 1988. Mwanachama mmoja akikuwekea alama, wengine wote wanaiona unapoomba akaunti, mkopo, hata mkataba wa simu. Wakenya wenzetu huuliza kama hii ndiyo CRB, yaani ofisi ya kumbukumbu za mikopo. Siyo. CRB inahusu madeni yako na unavyoyalipa, wakati Cifas unaandikwa kwa kushukiwa udanganyifu, hata kama hudaiwi na mtu. Alama ya kutumia akaunti vibaya, niliyowekewa mimi, hukaa miaka 6. Aliyeibiwa utambulisho wake naye huandikwa humo, ila yake ni miezi 13 na ipo kwa ajili ya kumlinda. Alama yangu haikuonekana kabisa kwenye ripoti yangu ya mikopo, ndiyo maana nilihangaika bila kujua kinachonikwamisha. Unaijua kwa kuwaandikia Cifas wenyewe na kuomba kumbukumbu zako. Ni haki yako kisheria, ni bure, na wanapaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja.

Karatasi niliyoletewa ilikuwa na jina langu, anwani yangu, jina la benki, aina ya alama, tarehe iliyowekwa na tarehe itakayoisha. Hiyo tarehe ya mwisho ndiyo iliyoniliza. Miaka sita, mtoto wangu atakuwa anamaliza sekondari.

Wakati huo huo madeni hayakusubiri. Malipo ya mpango hukatwa moja kwa moja kutoka benki, na benki haikuwepo. Jambo la kwanza nililolifanya, na ningemsihi kila mtu alifanye siku hiyo hiyo, ni kuwapigia washauri wa madeni kabla malipo hayajagoma. Mpango wa namna hii ni makubaliano ya hiari, haumfungi anayekudai kisheria. Ukikatika kimya kimya, riba iliyokuwa imesimamishwa inaweza kurudishwa. Ukisema mapema, wanaokudai wanajulishwa na mpango unapangwa upya. Kuna pia kinga ya siku 60 ya kuzuia riba na usumbufu wa wadai, ipo England na Wales tangu Mei 2021, nayo huombwa kupitia mshauri.

Mshahara je? Shoga yangu alinipa namba ya akaunti yake kwa moyo mweupe. Nilikataa, na hadi leo nashukuru. Mtu mwenye alama akianza kupitishia hela zake kwenye akaunti ya mwingine, benki ya yule mwingine itaona nini? Tungefungiwa wote wawili. Nilichofanya ni kwenda kwenye chama cha akiba na mikopo cha mji huu, kama SACCOS zetu, nikaeleza ukweli wote mezani, wakakubali mshahara upitie kwao. Hakuna kadi nzuri wala programu ya kupendeza kwenye simu, lakini niliendelea kulipa kodi ya nyumba na nikaendelea kuwalipa wanaonidai.

Hebu nije kwenye huduma yenyewe. Huendi kwa ombudsmani moja kwa moja. Kwanza unailalamikia benki kwa maandishi, nayo kwa malalamiko mengi ina hadi wiki 8 kutoa jibu lake la mwisho. Jibu la benki yangu lilisema tu wamefuata taratibu. Kuanzia tarehe ya jibu hilo una miezi 6 ya kupeleka kesi kwa ombudsmani, na muda huo wanauangalia kwa makini, kwa hiyo barua hiyo usiitupe. Pia unaweza kuwaomba Cifas wenyewe wapitie malalamiko yako ukishapata jibu la benki.

Fomu ya ombudsmani ni nyepesi, inajazika mtandaoni. Baadaye nikapigiwa na mchunguzi, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, na hapo ndipo nilipoona tofauti. Aliuliza. Alitaka kujua upatu unaendeshwaje, nani anapokea lini, nani anaamua zamu, kwa nini hela zilitoka siku ile ile. Kwa mara ya kwanza tangu kadi igome kuna mtu alikuwa ananisikiliza kabla ya kuhukumu. Nilimtumia picha za daftari la mweka hazina wetu, mama mmoja wa Pangani asiyeamini kompyuta: daftari la mraba lenye jalada la bluu, majina kumi na mawili kwenda chini, miezi kwenda kulia, alama za vema kwa kalamu nyekundu, na pembeni ya jina la yule mwenzetu ameandika kwa mkono, "kalipiwa na mpangaji". Aliandika hivyo mwezi ule ule, kabla hata sijafungiwa. Nikaambatanisha ujumbe wa sauti wa kwenye kundi letu na tafsiri yake, risiti ya hela niliyotuma Tanga, na karatasi ya hospitali ya mama.

Msingi wa uamuzi wao ndio ninaotaka ukae kichwani mwa kila anayesoma hapa. Ili alama ya Cifas iwe halali, haitoshi benki kuwa na wasiwasi. Inatakiwa iwe na sababu za msingi za kuamini kwamba udanganyifu umefanywa au umejaribiwa, na ushahidi ulio wazi kiasi kwamba ingeweza kwenda nao polisi bila kusita. Hela ya wizi kuingia kwenye akaunti yako ni jambo moja. Wewe kujua kwamba ni ya wizi ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo benki inalopaswa kulionyesha. Mchunguzi alisema benki ilionyesha la kwanza tu. Benki ilikubali maoni yake, ikaondoa alama, ikanipa fidia ya pauni 250 kwa usumbufu. Ingekataa, kesi ingepanda kwa ombudsmani mwenyewe, na uamuzi wake ukishaukubali wewe mteja, benki inafungwa nao.

Sasa mipaka yake. Akaunti yangu haikurudishwa. Benki ina uhuru wa kuchagua wateja wake, na kufutiwa alama si sawa na kurudishiwa akaunti. Ni huduma ya miezi, si ya wiki. Anayehitaji mshahara wake Ijumaa hii asiweke matumaini yake hapo, aende kwenye chama cha akiba kwanza huku kesi ikiendelea. Na madeni yako hawayagusi. Kadi zangu zilikuwa pale pale, na kumbukumbu za kushindwa kulipa, ambazo nazo hukaa miaka 6 kwenye ripoti ya mikopo, zitatoka kwa wakati wake. Nimekuta watu wakichanganya hivi vitu viwili, wakidhani wakimaliza kulipa madeni alama itafutika. Haifutiki kwa kulipa. Na kufutwa kwake hakupunguzi deni.

Kuhusu wale wanaotoza ili kukuondolea alama, niliongea na mmoja kabla sijajua mambo. Alitaka malipo kabla hajaona hata karatasi yangu ya Cifas. Angefanya nini ambacho nisingekifanya? Angeandika barua ile ile kwa benki, halafu angenipeleka kwa ombudsmani yule yule wa bure. Hela hiyo kwangu ilikuwa malipo ya miezi ya mpango wangu. Inaniuma sana kuona mtu anayedaiwa, aliyenyimwa akaunti, anageuzwa mtaji na mtu wa lugha yake.

Kwa jumla naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja imepotea kwa urefu wa njia: mtu mwenye watoto na madeni anabeba mzigo wa kuthibitisha kosa lililofanywa kwa dakika chache na mashine. Lakini kwa usikivu, na kwa kutotoza, sijaona mfano wake hapa nchini. Kundi letu sasa lina sharti moja: hela ya upatu inatoka kwenye akaunti yenye jina la mwanachama, na sehemu ya maelezo ya malipo inaandikwa mwezi wa zamu. Mweka hazina ameliandika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.

Maamuzi ya ombudsmani wamechapisha kwenye tovuti yao, majina ya wateja yamefichwa. Tafuta neno Cifas humo kabla hujaandika malalamiko yako, usome mawili matatu yaliyofanana na hali yako, uone ni ushahidi gani uliowasaidia wengine. Na kama Kiingereza cha kwenye simu kinakutoa jasho, omba mkalimani mwanzoni kabisa mwa mazungumzo, kabla hujaanza kueleza kisa.