Vitambaa vya mfarishi: pamba safi, mkasi wa kubahatisha

Pamba ya duka hili, ya kushonea mfarishi (tandiko la viraka), yenyewe haina neno: imefumwa kwa kubana, upana inchi 44. Shida iko kaunta. Ukiomba robo yadi ya inchi 18 kwa 22, mhudumu anakukatia ukanda wa inchi 9 kwa 44. Eneo ni lile lile, ila kiraka cha inchi 10 hakitoki humo! Tena anakata bila kulinganisha kingo mbili, kitambaa kimekwenda upande. Ukikinyoosha kufuata uzi, inchi mbili zinaweza kupotea, nawe umeshazilipia. Mwambie akunje ukingo kwa ukingo kwanza. Akiapa ni pamba tupu, chomoa uzi uuchome: pamba huacha jivu laini, poliesta kidonge kigumu. Nyota mbili, zote za kitambaa.