Barakoa na pua yangu msimu wa karafuu

Msimu wa karafuu ukifika, nyumba yetu hapa Wete, Pemba, inanukia tangu uani mpaka chumbani, na mie chafya haziniishi. Karafuu mbichi haina tabu. Naweza kukaa jioni nzima nachambua makonyo bila neno. Balaa ni zikishakauka, tukianza kuzikusanya jamvini, kuzipeta na kuzitia kwenye polo, yaani gunia. Vumbi lile jembamba likipanda tu, pua inawasha, kamasi jepesi kama maji linachuruzika. Nina aleji ya pua tangu utotoni. Vidonge vya setirizini vinanisaidia, lakini vinanilaza, na kazi ya karafuu haimngoji mtu aamke.

Mwanzo niliitegemea nikabu yangu. Wapi! Kitambaa chepesi, chini wazi, vumbi linaingia litakavyo. Ndipo nikanunua sanduku la barakoa 50 za buluu, zile za hospitali, pamoja na mbili za N95, zile nzito zinazobana uso.

Siku ya kwanza niliivaa ya buluu ovyo, na chafya zikawa zile zile. Siku ya pili nikabana ule waya mpaka ukakaa sawasawa juu ya pua, na tofauti niliiona kabla ya adhuhuri: chafya tatu nne, basi. N95 imetengenezwa kuzuia angalau asilimia 95 ya chembe ndogo mno, za mikroni 0.3 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Lakini chembe nyingi za poleni, ule unga wa maua unaochokoza aleji, ni za mikroni 10 na zaidi, na hata barakoa ya kawaida inazinasa. N95 yenyewe nilistahamili nayo dakika ishirini juani, nikaivua natiririka jasho.

Macho, hapana. Yaliwasha kama kawaida. Mwaka 2020 wauguzi wenye aleji huko Israel waliulizwa habari hii, wakasema barakoa imewapunguzia dalili za puani, ya macho yakabaki pale pale. Kumbe si mie peke yangu.

Na harufu haizuiliki. Nilikwenda harusini na barakoa yangu nikijiona nimejikinga, chetezo cha udi kilipopita mbele yangu nikapiga chafya mpaka bibi harusi akageuka.

Jengine: barakoa ikilowa jasho au kamasi (samahani, lakini ndivyo inavyokuwa), ibadilishe. Wala usiivae tena iliyokwisha kula vumbi. Wifi yangu, kwa wema wake, aliiokota yangu akaitundika kwenye msumari juu ya mapolo. Kesho yake nikaivaa bila kufikiri, na asubuhi ile sikufanya kazi yoyote.

Za buluu nitanunua tena msimu ujao. Zile mbili za N95 nimempa kaka yangu anayeranda mbao, na yeye hazivui.