Dari ya jahazi kwenye chumba cha chini: mbao nyota tano, taa nyota mbili na nusu

Nyumba yetu ya mtaa wa Tudor, Mombasa, imejengwa mteremkoni, kwa hiyo chini ya sebule kuna chumba ambacho nusu yake imo ndani ya jiwe. Miaka yote kilikuwa stoo ya baiskeli mbovu. Mwaka jana nikakata shauri kukifanya mahali pa kutazamia mpira, na dari yake, zege tupu lenye alama za mbao za fundi wa ujenzi, nikataka ifanane na tumbo la jahazi.

Kwanza niliwaza boriti za kweli za mkoko, kama zile za nyumba za Mji wa Kale. Kwa desturi miti hiyo huuzwa kwa korija, ishirini ishirini, na hupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Lakini mikoko haikatwi bila kibali, na dari yangu tayari imeshikwa na zege. Kutundika magogo mazima ya mkoko yawe pambo tu niliona ni israfu.

Nikapelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa akiunda vyombo. Siku hizi anatengeneza vitanda na milango. Akaja, akatazama juu, akacheka. "Mwanangu, wewe hutaki boriti. Wataka mataruma."

Mataruma ndiyo mbavu za chombo. Alinitengenezea saba, na kila moja kwa kweli ni sanduku refu lisilo na mgongo: plaiwudi chini na ubavu huu na huu. Kwenye zege alitoboa kwa drili akafunga vipande vya mbao, kisha akavivisha lile sanduku na kulibana kwa skrubu ubavuni. Ni jepesi, na nyaya zinapita ndani bila kuonekana. Miisho inayopinda kushuka ukutani ndiyo aliyoichonga kwa mti wa mwembe, kwa tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao. Ukipitisha kiganja unahisi kila pigo la tezo, vijibonde vidogo kama maganda ya kome. Nilimwomba apige msasa, akakataa kata kata: "Ukipiga msasa itakuwa kabati."

Alitaka pia kupaka sifa, yale mafuta ya samaki wanayopaka majahazi. Mama watoto alisikia harufu ya kikopo tu, akasema ama sifa ama yeye. Tukapaka vanishi nyeusi isiyong'aa.

Kazi na mbao vilinigharimu shilingi 78,000. Aliniahidi siku kumi na moja, zikawa kumi na tisa. Mwenye kuwajua mafundi hatashangaa. Baada ya miezi mitatu nikaona unga mwembamba sakafuni: mwisho mmoja umebunguliwa. Nilimpigia simu, akaja na bomba la sindano, akaingiza dawa tundu kwa tundu, na hakuchukua hata senti.

Sasa taa. Hizo nilimpa kijana wa stima, na lawama nyingine ni yangu kwa sababu nilinunua za bei rahisi mimi mwenyewe. Zilikuwa taa za utepe za volti 12, mita tano kila mkunjo. Kijana akaunganisha mikunjo mitatu, mkia kwa kichwa, kwenye adapta moja. Taruma la kwanza liliwaka vizuri, la katikati likafifia, la mwisho likawa kama kibatari kinachokwisha mafuta. Umeme wa volti ndogo hupungua nguvu njiani. Ilibidi kila mkunjo uvutiwe waya wake kutoka kwenye adapta. Halafu rangi: niliponunua sikusoma pakiti. Zilikuwa kelvini 6,500, nyeupe ya buluu. Tumbo langu la jahazi likawa duka la dawa. Nilizibadilisha kwa za 3,000, zenye mwanga wa manjano, na hapo ndipo mbao ilipoanza kuonekana mbao.

Kaskazi ilipoingia, chumba kikawa na joto na unyevu, gundi ya nyuma ya utepe ikaachia. Usiku wa mechi, kipande kikaanguka polepole, kikaning'inia juu ya kichwa cha shemeji kama mkia wa mjusi. Sasa zimeshikwa kwa vibanio vya plastiki.

Na shemeji huyo huyo, kwa kuwa ni mrefu, bado anainama akipita chini ya taruma la nne. Dari yetu ni fupi, na mataruma yanashuka inchi sita. Mzee aliniambia inchi nne zinatosha. Mimi ndiye niliyetaka yaonekane mazito.

Adapta ya kwanza ilikufa kwa joto, maana ilifichwa ndani ya taruma, haipati hewa. Mpya nimeiweka juu ya rafu, wazi, mahali mkono unapofika bila ngazi. Haipendezi, lakini haijazima tangu Februari.