Mishipi ya Mama wa Beach Muhanzi, na kisanduku cha dola 15

Mimi ni fundi viatu, mtaa wa Kadutu, hapa Bukavu kwenye Ziwa Kivu, na navua samaki kwa ndoano. Kutwa nzima nashika uzi na fundo, kwa hiyo mshipi uliofungwa ovyo naujua kabla haujagusa maji. Lakini mwezi uliopita tamaa ilinizidi nguvu. Nilipita kwenye duka moja mjini nikaona kisanduku cha plastiki chenye vyumba vidogo vidogo: ndoano, chubwi (vile vizito vya kuzamisha mshipi), vizungusho, na samaki bandia watano wa rangi ya fedha na kijani, kila mmoja na ndoano za ncha tatu tumboni na mkiani. Dola 15. Nikalipa.

Wale samaki bandia wanapendeza kweli. Kule Uvira wangeweza kufanya kazi, maana Ziwa Tanganyika lina sangala na kuhe, samaki wanaowinda wenzao. Huku Kivu hatuna hao. Sambaza zetu, wale samaki wadogo, zilitolewa Tanganyika na kupandwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950, ila sangala anayezila kule hakuja nazo. Mtu wa ndoano Bukavu anamtafuta tilapia, anayedonoa donge la bugali au mnyoo, na kambale, anayefuata harufu kwenye matope na matete. Nilirusha yule wa rangi ya fedha asubuhi tatu upande wa Nguba. Nilivuta mifuko ya plastiki na chupa moja.

Ndoano za mle ndani zilikuwa 2/0 zote. Hizi namba zinawachanganya wengi: 8, 10, 12, namba ikipanda ndoano inazidi kuwa ndogo, lakini 1/0, 2/0, 3/0, namba ikipanda ndoano inakua. Tilapia ana mdomo mdogo. Kwenye 2/0 anakula bugali pembeni pembeni. Wewe unasikia mguso kidoleni, unavuta, ndoano inakuja safi kama imeoshwa.

Kilichoniuma zaidi ni vizungusho. Nasema juu ya kile kipande kidogo chenye pete mbili, kila moja ikizunguka peke yake. Nailoni ukiitupa na kuivuta mara nyingi inajisokota, kama uzi wangu ninapouviringisha juu ya goti, na mwisho inajifunga mafundo. Kizungusho kinaukata ule msokoto usipande juu. Vya kisanduku nilishika pete moja kwa kucha nikageuza ya pili: zikageuka pamoja, kama msumari. Wiki ya pili vilikuwa na kutu. Na jioni moja nilipata kambale, mzito, ananivuta taratibu kuelekea kwenye matete, nikasikia *tak!* Pete ilichomoka mahali pake. Yule samaki alikwenda na ndoano mdomoni, na mpaka leo nikimkumbuka naona vibaya. Dukani niliambiwa kitu kikishafunguliwa hakirudishwi.

Ndipo jirani akanielekeza Beach Muhanzi, kwa mama mmoja anayeuza ndoano juu ya ubao, makopo ya maziwa yamepangwa kwa ukubwa wa ndoano. Sikuwa nimesema neno akaniuliza: “Papa, unavulia kwenye mawe ao kwenye matope?” Swali hilo moja lilizidi kisanduku kizima.

Kwa mawe alinifungia hivi: nailoni ya milimita 0.25, ndoano namba 8 ikining’inia kwenye tawi fupi, na chubwi chini kabisa, imeshikwa na uzi mwembamba kuliko mshipi wenyewe. Ufuo wetu unashuka ghafla na mawe yake yana nyufa. Chubwi ikinasa, unavuta, ule uzi mwembamba unakatika, unapoteza chubwi tu. Kwa matope alitumia chubwi yenye tundu katikati, inayoteleza juu ya mshipi, kisha ushanga wa kulinda fundo, kisha kizungusho, kisha shubiri mbili za nailoni na ndoano 1/0. Kambale akibeba chambo, mshipi unapita ndani ya tundu, naye hasikii uzito wa kumtisha.

Nilimwangalia akifunga. Alipitisha nailoni kwenye tundu la ndoano, akazungusha ncha mara tano kwenye mshipi, akairudisha ndani ya kitanzi kidogo kilicho karibu na chuma, halafu ndani ya kile kikubwa kilichotokea. Kabla ya kukaza akalilowesha fundo kwa mate, akavuta polepole mpaka mizunguko ikalala ubavu kwa ubavu. Mate hayo yana kazi: nailoni kavu ikisuguana inapata moto, na moto unaidhoofisha. Mimi uzi wa viatu naupaka nta, na bado mkono wake ulinifundisha kitu. Vizungusho vyake nilivijaribu kwa kucha, kimoja kimoja, mbele yake. Vyote vilizunguka. Hakukasirika.

Mshipi mmoja uliofungwa tayari ni franka 3.000, wa matope 4.500 kwa sababu ya kizungusho.

Kuna mawili sikuyapenda. Nailoni zake zimeondolewa vibandiko vyake, kwa hiyo unene unaujua kwa kidole au kwa kumwamini yeye. La pili ni zito zaidi: kijana anayemsaidia alikuwa akibana chubwi ndogo kwa meno. Ile ni madini ya risasi, ni sumu, na hujikusanya mwilini bila mtu kujua, hasa kwa watoto. Nilimwambia mama kwa heshima, na kesho yake nikampelekea koleo yangu ya zamani. Niliporudi kijana alikuwa anaitumia. Nanyi mkishika chubwi, naweni mikono kabla ya kushika bugali, ya kula au ya chambo.

Jumamosi iliyopita, kwenye mawe, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu: tilapia saba, chubwi mbili zimebaki ziwani, ndoano hakuna iliyopotea. Ukitaka namba 8 fika mapema, lile kopo ndilo linaloisha kwanza, na uende na kijiti cha kuzungushia mshipi, maana yeye anaukabidhi mkononi hivyo hivyo.