Kukaza springi au kufunga shokabzoba ndefu?

Pikipiki inayobeba magunia kutoka soko la Kongowea, Mombasa, kila alfajiri hukalia nyuma, na stendi ya kati inakwaruza kila tuta. Kuna njia mbili za kuinua nyuma.

Kukaza springi ya shokabzoba hakuna gharama. Unazungusha kikombe chenye vidato chini ya springi, pande zote mbili sawasawa, basi. Lakini tuelewane: springi haiwi ngumu zaidi kwa kukazwa, na shokabzoba hairefuki. Ni kwamba nyuma inazama kidogo kuliko awali unapopanda. Ukikaza mpaka mwisho halafu ukatembea bila mzigo, nyuma itakurusha, na tairi litaacha lami kwenye mashimo.

Shokabzoba ndefu ndiyo inayoinua kweli, na hapa ndipo ninapoomba watu wawe waangalifu. Nyuma ikipanda, uma wa mbele, yaani yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu, unasimama wima zaidi. Usukani unakuwa mwepesi kukata kona, ila kwa mwendo wa kasi pikipiki inapoteza utulivu. Stendi ya pembeni inakuwa fupi, pikipiki inalala mno. Ulegevu wa cheni nao unabadilika, upimwe upya. Na mwenye miguu mifupi, foleni ya feri ya Likoni na abiria nyuma itamtesa.

Mimi ningeanza na springi, vidato viwili. Ikiwa bado inagonga chini, huenda springi zimechoka. Nunua mpya za urefu uleule, zenye nguvu zaidi, kabla ya kufikiria ndefu.