TAHADHARI: Matairi ya AT "mapya" ya nusu bei yanayotumwa kwa basi kutoka Kampala

Ndugu wenye pikapu, hasa mlioko Mbale, Soroti na Karamoja: kuna mtu anauza matairi ya AT (all-terrain, ya lami na ya njia mbovu) kwa simu, anadai ana duka Kampala, na bei yake ni nusu ya bei ya dukani. Matairi hayo si mapya. Ni vipara, yaani matairi yaliyokwisha meno, vilivyochongwa upya kwa kisu cha moto, kisha vikapakwa rangi nyeusi. Jina la akaunti silitaji kwa sababu halitawasaidia: limeshabadilishwa zaidi ya mara moja na mtu ni yule yule. Mjueni kwa mwenendo wake.

Kwanza, hakosi saizi. Ukisema una Hilux ya 265/65R17, anayo. Ukisema ya zamani inayovaa 205R16C, hiyo nayo anayo, na kila mara ni "seti ya mwisho, bosi". Pili, anataka nusu ya pesa itumwe kwa namba ya mtu binafsi. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha si la duka wala si lake. Ukiuliza, ni "mhasibu wetu". Tatu, nusu inayobaki unalipa mzigo ukifika stendi, na hakuna kufungua kabla ya kulipa. Hapo ndipo mtego ulipo.

Jirani yangu hapa Mbale, mzee anayepeleka saruji na mabati Kotido, alipokea seti kamili. Imeviringishwa nailoni, stika zinang'aa, ukitazama kwa mbali huna la kusema. Fundi wa pancha hakuhitaji hata chombo. Alitia kidole ndani ya mfereji wa tairi akakizungusha polepole. Tairi la kweli, ndani ya mifereji mikubwa, lina vituta vidogo vya mpira vinavyokatiza, kimo chake kama milimita 1.6, meno yakichakaa hadi kulingana navyo, tairi limekwisha. Mahali vilipo huonyeshwa begani mwa tairi kwa herufi TWI au pembetatu ndogo. Kwenye haya, herufi zilikuwepo, lakini ukizifuata hadi mferejini hukuti kitu: kisu kilipita navyo. Kuta za mfereji zilikuwa na mawimbi ya mkono wa mtu, na kwenye tairi la pili kisu kilizama mno hadi nyuzi za chuma zikachungulia chini.

Msichukulie hili kama suala la sura tu. Mpira ule uliochongwa ndio unaokinga mikanda ya chuma. Ukishaondoka, jiwe moja kali la murramu linafika kwenye chuma, maji yanaingia, kutu inaanza, na siku ya joto ukiwa na mzigo tairi linapasuka. Yapo matairi ya malori yaliyoundwa ili yachongwe tena, na ubavuni yameandikwa REGROOVABLE. Haya ya pikapu hayakuundwa kwa kazi hiyo.

Halafu tarehe. Ubavuni, mwisho wa mstari unaoanza na DOT, pana tarakimu nne: wiki na mwaka. 3813 ni wiki ya 38 ya mwaka 2013. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, na jamaa huyu anajua, kwa hiyo picha zake zote ni za upande wa pili. Kwenye seti ya mzee, matatu yalikuwa yamesuguliwa pale pale hadi pakawa laini kama kiganja. Moja walilisahau: 3813.

Kuna jambo lilinichekesha hata katika hasira. Matangazo yake yanasifu ile alama ya mlima wenye chembe ya theluji, eti maana yake tairi limethibitishwa kwa milima ya Kabale na Kisoro. Alama hiyo inahusu kushika barabara yenye theluji. Theluji ya Uganda iko juu kabisa Rwenzori, na huko hakuna pikapu inayofika.

Anayenunua kwa ajili ya kazi atazame namba ya uzito, ile inayofuata saizi ubavuni, kabla ya ukali wa meno. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja. 121 ni kilo 1,450, nayo utaikuta kwenye matairi yenye herufi LT (light truck, gari dogo la mizigo), ambayo ubavu wake ni mgumu zaidi. Ukibeba familia na mizigo midogo, 112 inatosha. Ukibeba saruji kwenye njia za Kaabong, tafuta LT au lenye C (la gari la biashara) mwishoni mwa saizi, na usisikilize mtu anayekwambia "meno makubwa ndiyo nguvu". Meno makubwa mno ni ya MT (mud-terrain, matairi ya matope): yanasaidia kwenye udongo mweusi wakati wa mvua, ila kwenye lami yanavuma kama nyuki.

Kama bado unaongea naye, mwombe kitu kimoja: aandike jina lako kwenye karatasi, aiweke kando ya tarakimu za DOT, apige video bila kukata, tairi kwa tairi. Mzee alipoomba hivyo kwa seti ya pili aliyoahidiwa kama fidia, alizuiwa dakika ile ile.

Aliyekwisha kulipa asiyafunge kwenye gari, wala asiyauze kwa mwingine. Piga picha za mifereji na sehemu zilizosuguliwa, hifadhi ujumbe wote na rekodi ya kutuma pesa, nenda polisi upewe namba ya SD (ya kitabu cha taarifa cha kituo), kisha toa taarifa kwa kampuni ya simu mapema kabla pesa haijatolewa, na UNBS (shirika la viwango la Uganda) pia. Sheria ya Uganda ya mauzo ya bidhaa na huduma ya 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo ya muuzaji, na neno "mapya" ameliandika mwenyewe kwenye ujumbe, kwa hiyo msifute mazungumzo kwa hasira.

Na stendini: karani wa vifurushi akikataa usifungue kabla ya kulipa, acha mzigo hapo hapo. Ile nusu ya kwanza huenda imepotea, lakini ya pili bado iko mfukoni mwako.